Jembe la Mjomba Ukutani

Mimi ni mchoraji wa mabango pale Same mjini, na nina hasira za karibu. Hilo nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa. Vinyozi, maduka ya dawa, samaki wa kukaanga, wote hao nimewachorea, na hakuna aliyewahi kuniuliza samaki yule ana maana gani. Kwa hiyo mama aliponiita nyumbani Mhezi, akaniomba nimchoree kaka yake, mjomba wangu aliyekwenda vitani kabla sijazaliwa asirudi, nikajiambia safari hii watajua mimi ni nani. Mama hakuwa na kaburi la kupalilia wala picha ya mjomba hata moja. Alitaka tu mahali pa kumwangalia.

Mwenyekiti wa kijiji akatupa ukuta wa ofisi. Sura ya mjomba siijui, kwa hiyo nikachora mtu anayepuliza pembe, ndiyo amri ya vita; njiwa mweupe, ndiyo amani; na jembe lenye mpini uliopasuka, limeegemezwa kwenye mgomba, mwenyewe hayupo. Ule mpasuko wa jembe la mjomba mama ndiye aliyenieleza. Nikashuka kwenye ngazi najiona msanii kwelikweli.

Kesho yake asubuhi nikakuta watu wamejaa pale, kila mmoja na jembe begani. Kwetu pembe ikilia ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na asiyefika anatozwa faini. Wameona pembe kubwa ukutani, tena ukuta wa ofisi, wakajua ni tangazo. Walichotaka kuambiwa ni mfereji upi. Nikawaeleza kwamba ile ni pembe ya vita. Mzee mmoja akanijibu kwa upole kuwa vita hapa hakuna, ila mfereji ulioziba upo.

Njiwa wangu wakasema ni kuku wa kisasa, wakauliza mradi unaanza lini. Jamani, nilikaribia kulia.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa jembe. Jembe lisilo na mtu, siku ya msaragambo, kwetu lina maana moja tu: kuna mtu ametega, amekwepa kazi. Watu wakaanza kucheka huku wakimtazama jirani yetu, ambaye siku za mfereji huamka anaumwa mgongo. Na kwa bahati mbaya mpini wa jembe lake nao umepasuka. Akawaka moto, akasema nimemchora ili kumdhalilisha, na picha isipofutwa yeye haondoki. Mwenyekiti, ambaye hapendi kelele, akaagiza chokaa.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi. Nikaona haondoi macho kwenye lile jembe, na maelezo yote niliyokuwa nimeyaandaa kuhusu amani yakanitoka kichwani. Akainuka mwenyewe, akamwendea jirani.

"Mwanangu, hilo jembe ni la kaka yangu," akasema. "Hakutega. Hajarudi tu."

Jirani akalitazama lile jembe, kisha akaangalia chini. Aliyeshika ndoo ya chokaa akaitua. Mama akaongeza kwamba wakitaka kumfuta kuku, wamfute, yeye hana shida naye. Asante sana, mama.

Basi, kwa kuwa watu walishakuja na majembe, mwenyekiti akaona ni hasara kuwarudisha. Wakaenda kuzibua mfereji, kila mtu akapimiwa kipande chake. Jirani akamaliza cha kwake, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kuliona, halafu akasogea mbele akaanza kingine. Mwenyekiti akamuuliza hicho ni cha nani.

"Cha mwenye lile jembe," akasema, bila kuinua kichwa.

Mchana mama akateremka na sufuria ya makande. Akaoneshwa kile kipande. Akasimama akikitazama, machozi yanamtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.

"Hakijafika kina," akamwambia jirani. "Kaka yangu angechimba zaidi."

Jirani akashika mgongo, akarudi mferejini.