Pikapu za Solo

Kinyozi mmoja, mtaa mzima ukimwita Solo, aliingia nyumbani akatangaza kwamba pikapu zimekufa, lazima azibadilishe. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akamuuliza tangu lini nyumba hii ina pikapu, na baiskeli yenyewe imewashinda. Solo hakucheka. Pikapu alizosema yeye ni zile sumaku zilizozungushiwa waya, zinazokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kuikamata sauti. Gitaa lake lilikuwa jekundu, la mtindo wa zamani, na ndilo lililompa jina. Siku za kazi alishika mashine ya kunyolea, Jumamosi akapiga solo kwenye bendi ya harusi. Ukimwondolea gitaa, unabaki na mtu mwingine kabisa.

Alidai sauti imepoteza mlio wa juu, ule wa kijiko kinapogonga glasi. Basi akaenda kwa fundi redio, akafungiwa pikapu nyingine. Akapiga, akakunja uso: nzito, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Zikaja kali zaidi. Bado. Akatafuta kali kuliko zote, na hapo angalau akasikia kitu. Maskini, wenzake nao walisikia. Mpiga besi alihamia upande wa pili wa jukwaa. Mwimbaji, asiyejua kupaka maneno asali, akamwambia gitaa linakata masikio, na lisipotengenezwa kabla ya harusi ijayo watamtafuta mpigaji mwingine.

Solo alirudi nyumbani amefura. Wivu tu huo, alisema. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali ilikuwa ya kweli, ila hakujua nguo yenyewe ni ipi.

Kesho yake mkewe akasema leo wanakwenda wote kwa fundi. Fundi alizipanga pikapu mezani, akawa anaziunga kwa zamu, Solo akirudia kipande kilekile. Mke alikaa kwenye kigoda, amefumba macho. Zile kali zilipolia, aliziba masikio. Kisha fundi akaunga zile za mwanzo, zilizokuja na gitaa. Mke akafumbua macho.

"Hizo," akasema. "Hiyo ndiyo sauti yako."

Solo akakataa katakata. Hizo ndizo zilizokufa, mlio wa juu hazina hata chembe. Fundi akainamia meza kama anayetafuta skrubu, akasema polepole kwamba alizipima siku ile ya kwanza na zilikuwa nzima; alidhani mteja amechoka nazo tu.

Solo akamgeukia mkewe. Mkewe hakukwepesha macho.

"Ulijua?"

"Tangu uliposema mbu wamekwisha nyumbani."

Lo! Muda wote huo alikuwa akijisifu kwamba chandarua kipya kimewakomesha mbu, hata akampigia shemeji yake simu kumshauri anunue kama hicho, na mkewe pembeni anajikuna na kunyamaza. Mbu walikuwepo. Kilichoondoka ni mlio wao. Solo aliogopa, akaogopa kweli, kuliko alivyoogopa maneno ya mwimbaji. Mkewe akamwambia alikosa pa kuanzia. Kumwambia mpiga gitaa kwamba hasikii vizuri aliona ni kama kumvua shati hadharani.

Fundi akazirudisha zile za zamani, akakaza skrubu. Solo akalaza taya lake juu ya mbao ya gitaa, akapiga. Sauti nzito zikamwingia hadi kwenye mfupa. Mahali pa mlio wa juu pakabaki patupu, lakini vidole vilijua njia, akaviacha viende.

"Mlio upo?" akauliza.

"Upo," akajibu mkewe. "Na mimi nipo."

Solo akainua kichwa, akaanza kipande upya, safari hii akiutazama uso wa mkewe.