Mvuvi Aliyeitaja Kesho

Habari ya kifo niliipokea sokoni, nikiwa nimeshika samaki mkavu mkononi. Aliyeniletea ni mpwa wa marehemu, mfanyabiashara anayeleta samaki huku mjini kutoka Nchelenge. Alisema, "Papa, muzee wetu alishakufa. Tulimuzika ile wiki ingine." Nami nikamwuliza kama samaki wake wamekauka vizuri. Alinitazama, akajibu kwamba ndiyo, wamekauka. Nikanunua, nikaondoka. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba machozi yangu hayako mbali. Nimewahi kulia katika safu hii kwa sababu ya mbwa. Safari hii hakuna kitu. Nimekaa mezani tangu asubuhi, chai imepoa, na kifua ni kama kifua cha mtu mwingine. Basi niwaelezee tu alikuwa nani, labda nitahisi kitu njiani.

Katika miaka ya hamsini nilivuka Ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo nikawa karani wa mnunuzi wa samaki pale Nchelenge. Marehemu alikuwa mvuvi, mwenye mtumbwi wake na nyavu zake, na kwa kuwa Kibemba changu kilikuwa cha kuchekesha, tulizungumza Kiswahili cha biashara. Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, tulikwenda sote darasani kujifunza Kiingereza. Mimi nilitaka cheti ili nipate kazi kubwa zaidi mjini. Yeye alitaka kitu kimoja: aweze kusimama mbele ya mnunuzi na kusema mwenyewe, bila karani kumsemea. Aliniambia hivyo mimi niliye karani, tena akicheka.

Mwalimu wetu alikuwa Mbemba wa bara, mtu mwembamba mwenye koti moja, ambaye ziwa aliliona mara ya kwanza siku aliyoletwa kutufundisha. Shida yetu kubwa ilikuwa vitenzi. Sisi neno letu ni moja, kuvua: nataka kuvua, napenda kuvua, kuvua ni kazi. Waingereza wamekata neno hilo vipande na kila kipande kina kiti chake. Ukisema unataka, lazima ufuatishe "to catch". Ukisema unafurahia, hapo ni "catching", na ole wako ukichanganya. Halafu kuna "caught", samaki ambaye ameshavuliwa na habari yake imekwisha. Mwalimu alichora ubaoni safu tatu, akatugonga nazo kichwani majuma kadhaa.

Wavuvi walikuwa hodari ajabu katika safu mbili. Wangeweza kukuandikia "I enjoy catching fish" bila kosa. Wangekueleza kwa urefu juu ya "the fish caught yesterday", nani aliwavua na wapi. Lakini safu ya kwanza, ile inayotazama mbele, waliikwepa kama shimo. Ukiwataka waseme wanachotaka kufanya, walisema wanataka kula, wanataka kulala. Mwalimu aliamini hawajaelewa, akarudia somo, akarudia tena, sauti ikaanza kumkauka. Hakuna aliyemwambia ukweli, nao ulikuwa mwepesi: pale ufukoni, mvuvi hataji samaki ambaye hajamvua. Hasemi kesho nakwenda kuvua. Husema natembea kidogo, au hasemi kitu. Ukitangaza, ziwa limesikia, na alichosikia mwenye mali utakipata wapi? Anayeingia majini kabla ziwa halijasahau hurudi mikono mitupu, au harudi. Hata kumweleza mgeni mwiko huo kulihitaji kuyatamka maneno yenyewe, kwa hiyo walinyamaza.

Akaja mkaguzi, mzungu mpole mwenye miwani. Tulijua tangu mapema kwamba darasa la watu wazima lilikuwa linapimwa: tukishindwa linafungwa, mwalimu anarudishwa kwao bila kazi, na sisi bila cheti. Mambo yalianza vizuri. Mkaguzi akafika safu ya kwanza ya ubaoni, akamwomba mvuvi mmoja aseme anachotaka kufanya kesho. "I want to sleep," akajibu. Mkaguzi akacheka, akasema hapana, kazi yenu, ninyi ni wavuvi, mnataka kuvua nini kesho, sentensi kamili. Yule akaketi. Akamgeukia wa pili, naye akatazama miguu yake. Wa tatu vilevile. Mkaguzi akamwangalia mwalimu kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mimi ningeweza kujibu, maana karani hana cha kupoteza ziwani, lakini mkaguzi alikataa mkono wangu. Alitaka wavuvi. Mwalimu alisimama kando ya ubao, chaki ikimvunjikia vidoleni.

Ndipo marehemu aliposimama, bila kuitwa. Akasema polepole, kila neno peke yake: "Tomorrow I want to catch many fish." Mkaguzi akafurahi, akasema vizuri sana. Wavuvi wenzake hawakumtazama. Darasa likapona.

Kesho yake ilikuwa siku ambayo kila mtu alikuwa akiingoja, samaki walikuwa wamekaribia ufuko, na mitumbwi ilirudi imelemewa. Nilikuwa napokea mali ya tajiri wangu, nikamwona marehemu ameketi kwenye mchanga, mtumbwi wake umepinduliwa, anashona nyavu za jirani. Nikamwuliza kwa nini hakuingia. "Ba karani, ziwa ilisikia," akasema. "Nangojea isahau." Nikamwambia hiyo ilikuwa sentensi ya darasani tu, ya mfano. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Mi nilisema na kinywa yangu. Ba kafundisha alikuwa anatetemeka mikono, na hapa kwetu iko mugeni. Batu bengine beko na batoto mingi. Mi niko na mumoja." Alikaa ufukoni hadi msimu mzuri wote ukapita. Mkewe hakumsemesha kwa siku nyingi. Mwalimu alithibitishwa kazini, hakujua kamwe. Mimi nilipata cheti, na cheti kile ndicho kilichonifikisha kwenye meza hii.

Nimefikiri mara nyingi juu ya mitihani tangu wakati ule. Tunawafundisha watu lugha za wengine kwa sentensi tunazoziona nyepesi: nataka kwenda, nataka kununua, nataka kuvua. Katika kitabu hakuna anayezama wala anayelala njaa. Anayetunga swali hajui jibu litamgharimu nani, na mara nyingi anayejibu ndiye wa mwisho kutuambia. Marehemu alijifunza kanuni yote sawasawa, na alipozungumza na wanunuzi alizungumza vizuri, akieleza samaki waliokwisha kuvuliwa. Sikumsikia tena akitaja wa kesho, kwa lugha yoyote.

Jana nilirudi sokoni kumwuliza yule mpwa jinsi mjomba wake alivyoondoka. Alisema aliugua muda mrefu, lakini hakuna aliyeogopa, maana mzee alikuwa anakula. Kisha jioni moja akaketi kitandani, akasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia kwamba kesho anataka kwenda kuvua, na anataka kuvua samaki wengi. Mkewe alitoka nje akaanza kuwaita ndugu. "Hakulia," alisema mpwa. "Alisema tu: mulete batu, huyu hana kitu tena ya kuficha ziwa."

Funzo ninalolichukua ni dogo: sentensi ya mtu si ya mfano, hata ikisemwa darasani. Kuna aliyeilipia. Nikiwa bado naandika haya, mhariri alipita mezani pangu akaniuliza nataka kuandika nini juma lijalo. Nikamwambia natembea kidogo, nikatoka nje, na huko nje ndiko nilikolia.