Bodi Nyembamba, Magurudumu Mapana

Wifi yangu ni fundi cherehani, na akikwambia gauni litakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa utalivaa. Mwanamke ana msimamo huyo, mpaka anachosha. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, ndiye aliyempeleka kwenye mbio za vigari vya rimoti, wakatazame tu. Mume wangu alichoka kabla ya saa sita. Dada yake akarudi nyumbani na kigari.

Usidhani ni vya kuchezea. Kimoja kina urefu wa mkono, toka kiwiko hadi vidoleni, kina springi na betri, na kikiachiwa kwenye zulia la ukumbi wa klabu kinakupita hujapepesa macho. Wifi alishindana misimu kadhaa, na fainali akawa anaisikia kwa wenzake tu. Kisha mwenyekiti wa klabu, bwana mmoja mpole mwenye bucha, akatangaza kwamba msimu ujao yeyote ambaye hajawahi kuingia fainali atahamia kundi la wanaojifunza, linalokimbia asubuhi pamoja na watoto. Lilikuwa limebaki shindano moja.

Wifi alikuja kwangu amefura.

"Wifi, mimi na mvi zangu hizi, nikapange foleni na watoto wa shule?"

"Si watakuamkia? Angalau utapata heshima."

Hakucheka. "Fainali naingia. Utaona."

Basi akaanza kushona gari, maana kwake kila kitu ni kushona. Kundi lake linaruhusu bodi nyembamba peke yake, yaani gamba la juu la upana wa milimita mia moja na tisini. Magurudumu ndiyo unachagua mwenyewe: ya upana wa milimita ishirini na nne, au ishirini na sita. Mimi nikaona ugomvi wote huu ni wa milimita mbili, hata ukucha wangu umezidi. Lakini miaka yote alikuwa ametumia membamba, na miaka yote gari lilimteleza kwenye kona. Safari hii akanunua mapana, yashike zulia.

Bodi huja ikiwa plastiki tupu, inaonyesha kama glasi, nawe unaipaka rangi kwa ndani. Maana yake unaanza na kile kitakachoonekana juu, urembo kwanza, halafu rangi kubwa inafuata nyuma yake. Ukikosea mwanzo, umekosea. Wifi alichora maua ya manjano juu ya kila gurudumu, petali moja moja, kisha akafunika kwa zambarau. Yalikuwa mazuri kupita nguo yoyote aliyowahi kunishonea, na nilimwambia hivyo, kwa wivu.

Siku ya mashindano ilikuwa na raundi tatu za mchujo, na inayohesabiwa ni ile uliyokimbia vizuri zaidi. Raundi ya kwanza, kila kona gari lilipiga ukelele, likanuka mpira unaoungua, likageuka nyuma mbele. Ya pili vilevile. Watu wakaja na ushauri wa bure. Mume wangu akasema ni betri. Mwingine akasema ni mota. Wifi akaliweka gari juu ya kistendi chake mezani, magurudumu yakining'inia, akapitisha kidole kati ya tairi na bodi.

"Nafasi ipo! Nimepima mwenyewe, hapahapa!"

Mimi sijui lolote kuhusu magari, ila uvumilivu wangu ni mfupi, na wifi yangu namjua.

"Wifi, mteja akija kujaribu suruali, unamfanyaje?"

"Sina muda wa mafumbo."

"Unamfanyaje?"

"Namwangalia akiwa amesimama. Halafu namwambia..." Akaliangalia gari. "Namwambia akae."

"Basi na huyu mkalishe."

Akalitoa gari kwenye kistendi, akaliweka mezani, akalikandamiza kwa kiganja kama linavyolala kwenye kona, akakata usukani kwa rimoti. Tairi likaingia kwenye bodi, likakwaruza. Mganga hajigangi. Nilicheka mpaka mume wangu akanifinya.

"Jirani yetu wa meza ana magurudumu membamba ya akiba," akasema mume wangu. "Funga hayo, dada, bodi yako ipone."

"Membamba nimekimbia nayo miaka yote. Yamenifikisha wapi?"

Akatoa chaki ya kushonea mkobani, akayapaka matairi kingo zote, akakandamiza tena, akakata usukani kushoto, akakata kulia. Alipofungua pini na kuigeuza bodi, alama ya chaki ilikuwa imepita katikati ya maua. Roho iliniuma mimi niliyekuwa nacheka.

"Kata kidogo tu," nikamwambia. "Acha hata nusu ua."

"Kidogo ndicho kinachoharibu nguo, wifi."

Akachukua mkasi. Hakusita, ila midomo aliikaza, na petali zikawa zinaangukia mezani vipande vipande. Ukabaki upande wa gurudumu la nne. Akaigeuza bodi, akamaliza. Bodi ilibaki na matundu mapana yasiyolingana, mbaya kabisa, nawe ungedhani imetafunwa na panya.

Raundi ya tatu sikuweza kukaa. Gari liliingia kona ya kwanza na halikupiga kelele. Ya pili, ya tatu, kimya, linang'ang'ania zulia. Nilipiga mayowe peke yangu mpaka watu wakageuka. Wifi hakugeuka.

Mwenyekiti alisoma orodha ya fainali akianzia juu. Jina baada ya jina, halikuwa lake. Nikamshika mkono. La mwisho kabisa lilikuwa lake.

Nilimkumbatia nikilia kama niliyefiwa. Mwenyekiti akaja na tabasamu lake lote. "Hongera sana mama, hatimaye umefika."

Wifi akajinasua taratibu, akachukua betri iliyojaa, akaifunga kwenye gari.

"Nimefika wapi, baba? Fainali haijaanza. Sogeeni mnipishe."