Siku Ambayo Kusoma ni Mwiko

Katika mtaa wa nyuma ya stesheni ya Ranaghat, mama akitaka kumsuta mwanawe mvivu alimtajia Jhinuk. "Muone mtoto wa Bithika! Ana miaka tisa tu na kitabu hakimtoki mkononi. Na wewe? Kishada asubuhi, kishada jioni!" Watoto wa mtaa walimchukia Jhinuk kwa hilo, na nani angewalaumu?

Bithika alizisikia sifa hizo bombani, akajifanya hazisikii, huku akiijaza ndoo polepole ili zisimpite. Aliona anazistahili. Yeye mwenyewe alikulia katika nyumba isiyokuwa na kitabu hata kimoja. Kusoma alikupendea kwenye vifuko vya muri, zile bisi za mchele zinazokorogwa na mafuta ya haradali na pilipili mbichi, ambazo wauzaji huzitia kwenye vifuko vya karatasi za vitabu vikuukuu. Akimaliza kula, alikibandua kifuko taratibu asikichane, akasoma kilichomo: kipande cha hadithi leo, kipande cha jiografia kesho, na mwisho wa hadithi hakuujua kamwe. Kaka zake walimcheka wakimwita mwanachuoni wa mafuta. Basi akaapa kwamba akizaa, mwanawe hatasoma takataka. Atasoma vitabu vizima, vyenye mwanzo na mwisho wake.

Kiapo hicho alikitimiza, na akapitiliza. Alijaza rafu nzima ya vitabu vya hadithi, na kila jioni kabla ya chai Jhinuk aliketi mkekani akasoma kwa sauti. Kisha yakaja maswali. Nani alisema hivyo? Kwa nini? Hadithi inatufunza nini? Akikosea, arudie ukurasa. Mgeni akibisha hodi, kabla hajapewa maji ya kunywa, Jhinuk alishaitwa aje kusoma.

Mama mkwe, Nonibala, alikuwa akiyatazama hayo kutoka kwenye kitanda chake cha barazani, tambuu shavuni.

"Mkamwana, mwache mtoto apumue. Hata ng'ombe hufunguliwa jembe jua likiwa kali."

"Mama, samaki mkunje angali mbichi."

"Mbichi? Mimi naona huyu umeshamkaanga."

Bithika alicheka kwa adabu, akaendelea na maswali yake. Alimheshimu mama mkwe wake, ila kwa mambo ya vitabu alimhesabu kama kipofu sokoni. Mtu anayejua kuandika jina lake tu, tena kwa kuumauma ulimi, atamwambia nini yeye?

Ikafika sikukuu ya Saraswati, mungu mama wa elimu. Siku hiyo vitabu vyote vya nyumba hupangwa miguuni pake, na kusoma ni mwiko mpaka kesho. Bithika aliipamba sanamu ndogo chumbani, akavipanga mkekani vitabu vya rafu nzima mbele yake, akavinyunyizia petali za maua. Hakukuwa na kazi nyingine. Akamvisha binti yake sari ya manjano, akamkalisha katikati ya magoti akamsuka nywele, akamsimulia jinsi yeye alivyowahi kuanguka kwenye tope na sari kama hiyo mbele ya mtaa mzima. Baada ya ibada wakala kunazi za kwanza za mwaka, maana kabla ya ibada hakuna mtoto anayezigusa. Wakashindana kutema kokwa uani. Bithika alishinda, akarukaruka kama mtoto, na Jhinuk akacheka mpaka akapaliwa.

Kesho yake Bithika aliibeba sanamu, akafuatana na wanawake wenzake kwenda kuizamisha katika mto Churni, kama ilivyo desturi baada ya ibada. Aliporudi, ncha za sari zikichuruza maji, aliingia chumbani akasimama ghafla. Mkeka ulikuwa mtupu. Akatazama rafu. Tupu. Akachungulia uvunguni, akafunua sanduku la mablanketi, akarudi tena kutazama rafu ileile kama mtu aliyerogwa.

"Mama! Vitabu viko wapi?"

Nonibala alimtazama Jhinuk, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, kisha akasema, "Mnunua karatasi amepita. Nimemuuzia."

Bithika alishika ukuta. Watu wa kwao, mguu ukigusa kitabu kwa bahati mbaya, huinama wakakiomba radhi. Na huyu mama wa umri wote huo alikuwa amevitoa vitabu vya Saraswati, na petali zake ndani, vikapimwe kwenye mizani kama chuma chakavu!

"Umeuza vitabu vya ibada? Mama, umeingiwa na nini?"

"Vilikuwa vinaleta vumbi."

"Vumbi! Vumbi, Mama?" Sauti yake ilipasuka. "Sema tu kwamba hukupenda mwanangu asome! Sema!"

Nonibala akatema tambuu, akalala akaupa ukuta uso. Mume wa Bithika, Paresh, aliporudi kazini na kuelezwa, alisema kichwa kinamuuma. Wanaume wana akili ya kuumwa kichwa panapostahili.

Tangu siku hiyo Bithika hakumsemesha mama mkwe wake. Chai ya mzee ilipelekwa na Jhinuk. Bombani habari ilisimuliwa ikasimuliwa tena, mpaka majirani wakawa wanapita mbele ya baraza wakimtazama Nonibala kama mwizi wa hekalu. Mzee aliyavumilia yote. Jhinuk ndiye aliyenyong'onyea; chakula hakimpiti, usiku anaweweseka. Mama yake alimhurumia. "Anavililia vitabu vyake, masikini," aliwaambia watu.

Siku moja, mama na mtoto wakitoka shuleni, walisimama kwa Haradhan, muuza muri wa kona. Akakoroga, akatia kitunguu, akamkabidhi Jhinuk kifuko chake. Bithika alikitupia jicho, kisha akakiinamia. Fisi maji mwenye mwavuli! Picha hiyo aliijua. Kwenye kona ya karatasi ilikuwa imegandamana petali moja ya njano iliyokauka.

Alimpokonya mtoto kifuko, muri zikamwagika njiani, akaenda nyumbani mbiombio. Jhinuk alimfuata akikimbia.

"Tazama!" alimpigia kelele Nonibala, maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile. "Tazama kazi ya mikono yako! Saraswati anafungiwa vitunguu! Hata aibu huoni?"

"Siyo Bibi!"

Bithika akageuka. Jhinuk alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

"Siyo Bibi, Ma. Ni mimi. Bibi alikuwa anaoga. Nilimwita mimi yule mnunua karatasi."

Bithika alimtazama mwanawe kama anamwona kwa mara ya kwanza, mtoto wa sifa, mtoto wa mfano. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, lakini nani hufikiria nguo aliyoishona mwenyewe?

"Kwa nini?" hatimaye alinong'ona.

"Siku ile ya Saraswati hukuniuliza maswali." Jhinuk alikuwa analia sasa, kamasi na machozi pamoja. "Ulinisuka. Tukatema kokwa. Nikaona vikiwa havipo, kesho pia itakuwa hivyo."

Bithika alikaa chini palepale, kwenye vumbi, kifuko mkononi.

"Na wewe, Mama," alimwambia mzee, "ukakubali nikutukane siku zote hizi?"

"Mimi nimeshazoea kutukanwa, niliolewa katika nyumba hii kabla yako," Nonibala alisema. "Kitabu utanunua kingine. Mtoto akianza kukuogopa, utamnunua wapi mwingine?"

Bithika aliinama akaigusa miguu ya mama mkwe wake. Mzee akamwekea mkono kichwani.

Hakuna aliyempiga Jhinuk. Hakuna aliyetaja kusoma. Rafu ilipangwa sufuria. Jioni, saa ile ya maswali, Bithika hakujua mikono yake aiweke wapi, akawa anachambua dengu ambazo zilishachambuliwa. Moyoni alikuwa amekwisha kukata tamaa: amemuua msomaji kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha mchana mmoja alitoka kuanua nguo, akamkuta Jhinuk ameketi ngazini, kampa mgongo. Muri zilikuwa zimekwisha. Mtoto alikuwa amekibandua kifuko taratibu, bila kukichana, akakinyoosha juu ya goti, midomo ikimchezacheza. Anasoma. Hakuna aliyemtuma.

Ubao wa ngazi ukalia. Jhinuk akageuka, akamwona mama yake, na haraka akakificha kifuko mgongoni.

Hapo ndipo palipomchoma Bithika. Swali lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, la tangu na tangu: hadithi inahusu nini? Akalimeza, likapita kama mwiba. Akaketi ngazi ya chini, akaanza kukunja shuka, macho yake kwenye shuka.

Alipofika shuka ya pili, kifuko kikatoka mafichoni, kimejaa madoa ya mafuta.

"Ma. Huyu fisi maji ameliazima wingu mwavuli wake. Halafu karatasi imeisha. Wingu lilimrudishia?"

Bithika alikijua kitabu kile chote kwa moyo, neno kwa neno, mpaka wino wa jalada la nyuma.

"Sijui," alisema. "Vaa ndala, twende kwa Haradhan tukatafute."

"Zangu msitie pilipili nyingi," Nonibala akaita kutoka barazani.