Siku Kipa Alipopotea na Sufuria

Katika jiko la hospitali walimwita Kipa, kwa sababu ujanani alidaka mpira na hakuchoka kuwakumbusha. Kitunguu kikimponyoka mtu mezani, yeye alijirusha na kukidaka kabla hakijagusa sakafu, kisha akasubiri makofi. Wasipopiga, alijipigia mwenyewe.

Ila kwenye kazi hakuwa na mzaha. Yeye ndiye aliyepika chakula cha wagonjwa wenye masharti. Huyu hali chumvi, yule hali sukari, wa kitanda cha kumi na moja apondewe kila kitu maana hawezi kutafuna. Wodi nne, vitanda zaidi ya sitini, na yote hayo yalikaa kichwani mwake bila karatasi. Miaka kumi na tisa hakukosea sahani hata moja. Hilo alilionea fahari kuliko kudaka, ingawa hakulitangaza sana.

Mkewe alifariki binti yao wa pekee akiwa na miaka saba, na tangu hapo Kipa akawa baba na mama. Alimsuka nywele, tena vibaya, mistari ikienda kila mmoja na njia yake. Alimfulia sare. Binti alipoanza kucheza mpira wa wavu, baba akapata wazimu mpya. Hakukosa mechi. Alifika na sufuria kubwa iliyofungwa kitambaa nyuma ya baiskeli, wali na maharage ya timu zote mbili, waamuzi wakiwemo, na kabla ya kupakua alishinda ukingoni mwa uwanja akipayuka, "Kunja magoti, mama! Nimesema magoti!"

Wachezaji walimpenda. Wapinzani ndio usiseme, maana wakifungwa walifungwa wameshiba. Tatizo lilikuwa binti mwenyewe. Alikuwa amefika miaka kumi na minane, umri ambao mzazi humtia mtu aibu hata akinyamaza kimya, sembuse huyu aliyekuja na aproni yake ya kazini.

Ikaja fainali. Zikavuma habari kwamba kocha wa klabu moja kubwa angekuja kutafuta wachezaji wawili. Binti hakulala vizuri wiki nzima. Kila alipofumba macho alimwona kocha yule amesimama na daftari lake, na baba yake anamsogezea sahani na kumuuliza kama anakula pilipili.

Alhamisi jioni Kipa alikuwa akikata karoti. Akauliza bila kuinua kichwa, "Jumamosi mnacheza wapi, mama?"

"Uwanja wa kiwanda cha sabuni. Saa kumi."

Mechi ilikuwa shule ya ufundi, saa nane, upande wa pili kabisa wa mji. Binti alisema uongo huo huku akichukua kipande cha karoti na kukitafuna. Ulimi haukumganda hata kidogo.

Walishinda. Na yule kocha, kwa taarifa yako, hakutokea.

Kipa alirudi jua likizama, sufuria imejaa vilevile. Alikuwa amesubiri kiwandani hata mlinzi akamwonea huruma na kumpa kiti. Hakumgawia mtu chakula kwa kuwa kilikuwa cha wasichana, na huenda walikuwa njiani. Akaegesha baiskeli, akauliza kwanza, "Mmeshinda?"

Binti alikuwa ameandaa maneno, kwamba mechi ilihamishwa ghafla na hakukuwa na wa kumtuma. Uongo mdogo, usingemdhuru mtu. Lakini alipouona uso wa baba yake uliojaa vumbi, aliogopa, na kilichomtoka ni kingine kabisa.

"Tumeshinda. Wewe ulikuwa wapi, baba? Si nilikwambia shule ya ufundi?"

Kipa akasimama na mkono juu ya sufuria. "Uliniambia shule ya ufundi?"

"Nilikwambia, baba."

"Basi ni mimi." Akawaza kidogo, kisha akaangua kicheko. "Ala! Nimezeeka hata sikuarifiwa!"

Jumatatu aliwasimulia wenzake jikoni, na akaitia chumvi hadithi yake kuliko alivyowahi kutia sufuria yoyote. Watu wakavunjika mbavu. Msimamizi wa jiko naye alicheka mpaka akafuta machozi, lakini alipotoka pale aliondoka na jambo kichwani. Wiki tatu baadaye akamwita Kipa pembeni. Chakula cha masharti angepewa mpishi mwingine. Yeye angemenya viazi na kusimamia vyombo.

"Wana haki," Kipa alimwambia binti yake usiku wa siku hiyo, akijikaza kisabuni. "Mgonjwa akila chumvi kwa kusahau kwangu, nitamwambia nini mkewe?"

Hapo ndipo binti alipopaswa kusema. Angekwenda mpaka pale jikoni, akasimama mbele ya msimamizi na kusema, huyu mzee kichwa chake kizima, mimi ndiye mwongo. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alichosema ni, "Pole, baba," akainama kuosha sahani.

Baada ya hapo Kipa alianza kuandika. Alibandika karatasi karibu na jiko, "Zima gesi." Nyingine mlangoni, "Funguo." Mechi zilipokaribia alimpa binti daftari dogo na kalamu. "Niandikie uwanja na saa, mama. Kichwa changu unakijua." Na binti akaandika, kwa herufi kubwa, zamu hii bila uongo, na kila herufi ilimchoma. Mtu yeyote hupoteza miwani yake, lakini Kipa akipoteza yake, majirani walitazamana. Aliyeamini zaidi kuwa anasahau alikuwa ni yeye mwenyewe. Alianza hata kuonja mchuzi mara tano, akihofia kwamba chumvi ameshatia.

Binti akawa karani wa idara ya maji, akaolewa, akazaa. Jumapili moja akiwa jikoni kwa baba yake alikata shauri. "Baba, ile siku ya sufuria..."

Kipa akaanza kucheka hapohapo, akajifuta mikono, akamwita mkwewe kutoka sebuleni. "Njoo usikie nilivyopotea na wali wa watu!" Akasimulia yote, pamoja na mlinzi na kiti. Binti akacheka palepale pa kuchekea, kama kawaida yake, na ndani yake akajichukia kwa kucheka.

Kipa aliaga dunia Jumatano moja asubuhi, kwa moyo, bila kumsumbua mtu. Baada ya mazishi watu walikaa uani kwenye viti vya plastiki. Msimamizi wa zamani wa jiko, sasa mstaafu, ndiye aliyeanza. Alisimulia habari ya sufuria, na waliokuwa wakilia wakacheka, na wote wakamgeukia binti awamalizie.

"Hakusahau," binti alisema. "Mimi nilimdanganya. Nilimwambia kiwandani makusudi, kisha nikamgeuzia kibao. Hakuwahi kusahau kitu."

Mstaafu akatazama viatu vyake. Kisha shangazi, dada yake Kipa, akainuka, akamkumbatia binti mabegani.

"Ni uchungu, mwanangu. Kila mtoto hujitafutia kosa mzazi akiondoka. Kaka yangu alikuwa msahaulifu, sote tulimjua, na tulimpenda hivyohivyo."

"Shangazi, nasema kweli."

"Najua, mama. Najua."

Akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, kwamba baba yake hakuwahi kusahau. Wakamletea maji ya kunywa.