Kikohozi kilichotoka zizini

Saa moja na nusu asubuhi, Alfani Shutu anamwaga ndoo ya tatu ya maji kwenye sakafu ya zizi, nyuma kidogo ya soko la Kombani. Vumbi limelala. Anachukua koleo, anazoa mavi ya punda yaliyolowa, anayapakia kwenye toroli na kuyapeleka shimoni. Jasho linamtiririka, na bado hajaifungua karakana yake ya kuchomelea vyuma kule Ukunda.

Dada yake, Mwanapili Shutu, mwenye umri wa miaka 44, amesimama mlangoni pa jikoni, barakoa usoni na leso begani. Punda ni wake, mkokoteni ni wake, lakini zizini haingii. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu aache kuingia.

"Umefagia kona ile ya nyuma?" anauliza.

"Nimefagia, dada."

"Hebu irudie. Hapo ndipo anapolala."

Alfani anairudia. Akishamaliza, anamtoa nje punda jike wa kijivu na kumfunga uani kwenye hewa. Hapo ndipo Mwanapili anaposogea, akamwekea mkono shingoni na kumsemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Kwa miaka kumi na mitatu Mwanapili amekuwa akiuza maji. Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja, Hafsa, na punda mmoja. Kwa punda huyo, na kisha kwa huyu wa sasa, amesambaza mitungi ya lita ishirini kwenye vibanda vya chai, kwenye majengo yanayojengwa na kwa majirani wasio na mfereji. Hafsa amesoma kwa maji hayo hadi akamaliza chuo.

Kisha figo za Mwanapili zikafeli. Ndugu wanne walijitokeza kupimwa, na aliyelingana naye akawa Alfani, kitindamimba wao. Miaka mitano iliyopita alimpa dada yake figo moja.

"Nilipozinduka nilimwona kwenye kitanda cha pili, amekunja uso kwa maumivu," Mwanapili anakumbuka. "Nikamwambia, pole baba. Akanijibu kwamba anaona njaa."

Tangu siku hiyo, Mwanapili humeza dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kukosa. Dawa hizo huidhoofisha kinga ya mwili ili isiishambulie figo ya kupandikizwa. Ubaya wake ni kwamba vijidudu ambavyo mtu mzima wa afya hupambana navyo bila hata kujua, kwake vinaweza kuwa hatari kubwa.

Hilo alielezwa. Alikatazwa maji yasiyochemshwa, nyama isiyoiva na kukaa karibu na wenye mafua. Punda hakutajwa na mtu yeyote.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, punda wake alizaa. Kitoto kilipofikisha miezi miwili kikaanza kukohoa na kuhema kwa shida. Mwanapili alikinywesha maziwa kwa chupa, akakipangusa pua kwa kitambaa na kushinda nacho zizini katikati ya vumbi la mavi makavu. Wiki ya tatu kikafa.

"Nililia," anasema. "Watu walinicheka kwamba namlilia punda, lakini nililia."

Haikupita miezi miwili, naye akaanza kukohoa. Homa ilikuwa ikimpanda kila jioni. Uzito ulishuka kutoka kilo 61 hadi 47. Picha ya kifua ilionyesha tundu kwenye pafu la kulia, na ingawa makohozi hayakuonyesha kitu, alianzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia. Mwanzoni alipata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi pale pale. Baya zaidi, dawa hizo zilipunguza nguvu ya zile za kulinda figo. Vipimo vya damu vikaanza kuyumba.

"Hapo niliogopa," anasema Alfani. "Kifua chake kilikuwa kinamuua, na dawa ya kifua ilikuwa inamuua kwa upande wa pili."

Aliyefumbua fumbo hilo ni Jemima, mtaalamu wa maabara aliyehamia Kwale kutoka bara. Alipewa makohozi ya Mwanapili aoteshe vijidudu vilivyomo ili vitambulike. Siku ya pili vikatokea vijidudu vinavyofanana na vile vya kawaida vya mdomoni, ambavyo maabara nyingi huvitupa.

"Ningevitupa, na hakuna mtu angeniuliza," Jemima anasema. "Lakini kuna kitu kiliniambia ngoja. Siku ya nne rangi ikageuka, ikawa ya waridi iliyopauka. Nikapiga simu."

Swali lake lilikuwa moja: "Mama, nyumbani unakaa na wanyama gani?"

"Kuku watatu na punda," Mwanapili akajibu.

"Huyo punda ana mtoto?"

"Alikuwa naye. Alikufa kwa kikohozi."

Kisha Jemima akamwomba aje hospitalini siku hiyo hiyo.

Sampuli ilipelekwa kwenye maabara kubwa, na jibu likarudi: bakteria aitwaye Rhodococcus, anayeishi kwenye udongo wa mazizi na mavi ya farasi na punda. Huwaua watoto wa wanyama hao kwa nimonia. Binadamu humpata kwa nadra sana, na mara nyingi ni mtu ambaye kinga yake imedhoofika.

Mwanapili alilazwa wiki tatu akidungwa dawa mshipani. Wiki ya pili, Alfani aliingia wodini akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Dada, nimempata mtu wa kumnunua punda."

"Anamtaka kwa mkokoteni au kwa ngozi?"

Alfani akaanza kunyoosha shuka miguuni pake.

"Basi mwambie hapana."

"Figo moja ninayo mimi, moja unayo wewe," Alfani akasema. "Hiyo yako ikifa, sina nyingine ya kukupa."

Mwanapili anasema hakumkasirikia. Alijifunika leso usoni. "Alikuwa na haki. Lakini na mimi sikujua kazi nyingine. Na yule mnyama alikuwa hajafanya kosa lolote."

Kesho yake Alfani alirudi. Alikuwa ametoka kumwuliza daktari, kisha daktari wa mifugo. Wote wawili walimwambia kwamba hatari kubwa ni vumbi la zizi, mavi na vitoto vya punda. Punda mzima mwenye afya, akihudumiwa nje penye hewa, hatari yake ni ndogo zaidi.

"Zizi nitafagia mimi," akamwambia dada yake.

"Mpaka lini?"

"Mpaka unichoke."

Si kwamba Alfani anapenda punda. Aliwahi kupigwa teke la paja akiwa mdogo, na hadi leo humsogelea huyu kwa tahadhari, akiwa ameshika koleo mbele yake kama ngao. Lakini tangu Mwanapili aruhusiwe kwenda nyumbani hajakosa asubuhi hata moja, isipokuwa siku ya Idi, ambapo alikuja adhuhuri akiwa na kanzu.

Mwanapili bado anameza vidonge vya aina mbili vya kutibu kifua. Uzito umerudi hadi kilo 58, figo imetulia, na picha ya mwisho ilionyesha kwamba tundu la pafuni limebaki kovu. Zamani alikuwa akienda mizunguko saba kwa siku. Sasa huenda minne, na hurudi na kama shilingi 700. "Zinatosha kula," anasema.

Kuna jambo jingine. Alipokuwa amelazwa, punda alihifadhiwa kwa jirani mwenye punda dume. Sasa ana mimba, na anatarajiwa kuzaa ndani ya wiki chache.

Wamekwisha kuamua. Mwezi huu atapelekwa Kikoneni kwa Zainabu, binamu yao, azae huko na kukaa na mtoto wake hadi miezi ambayo vitoto hushikwa na kikohozi hicho ipite. Kazi ya maji itafanywa na dume la jirani. "Si ndiye aliyetuletea haya?" Mwanapili anasema, akicheka nyuma ya barakoa.

Alfani anafunga mkokoteni, anajaribu kamba na kumgeukia.

"Miezi saba bila kumwona, dada. Utaweza?"

Mwanapili anampapasa punda tumboni, taratibu, mahali ambapo kitoto kinacheza.

"Figo niliingoja miaka miwili, Alfani, na wala sikuwa najua itatoka kwa nani," anasema. "Huyu nitajua aliko."