Kifusi cha Shemeji

Kisigino aliwadharau watu tangu asubuhi, kabla hata ya chai. Aliwadharau wahandisi kwa viatu vyao safi, waashi kwa papara zao, na wenye viwanja waliojenga kando ya mto eti kuna upepo mzuri. "Utakula upepo?" alikuwa akiwauliza. Jina hilo alilipata kwa tabia ya kukanyaga kiwanja kwa kisigino kabla hajamsalimu mwenyewe. Na tuseme ukweli, kazi aliijua. Kwa miaka ishirini na tisa aliimarisha ardhi tepetepe watu wajenge, na hakuna nyumba yake hata moja iliyoinama.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachimba tope jeusi mpaka kiunoni, unalichanganya na chokaa, unalirudisha tabaka kwa tabaka, kila tabaka shubiri moja tu, unashindilia, halafu unachoma nondo kupima ugumu. Ikizama kupita upana wa kiganja, unafukua na kuanza upya. Wateja walimwona msumbufu. Yeye aliwaona mazuzu.

Mtu mmoja tu alisalimika na dharau zake: dada yake mdogo, ambaye Kisigino alimlea mwenyewe walipofiwa na mama. Ndiyo maana shemeji yake, mwuza magodoro, alipoanza kumjengea dada huyo nyumba hatua sitini kutoka mtoni, Kisigino alifika bila kuitwa.

Alikuta malori yakimwaga kifusi. Shimo lote la msingi lilijazwa asubuhi moja, mpaka juu, ndipo mashine ya kushindilia ikapitishwa mara moja tu. Juu pakawa pagumu kama sakafu. Chini, hakuna kilichoguswa. Mtu wa magodoro hupima kitu kwa kukibonyeza juu.

"Shemeji," mwuza magodoro aliita mbele ya vibarua, "wewe kakae kivulini unywe soda. Mambo ya chokaa na nondo ni ya kizamani. Hii kazi ya kisasa."

Vibarua wakaangua kicheko. Kisigino akaokota nondo, akaichoma pale ambapo kona ya nyumba ingekaa. Ilipopita lile ganda la juu, ikateleza yenyewe hadi ngumi yake ikagusa chini. Akaichomoa, akaifuta tope kwenye nyasi. Ulimi ulimwasha. Kisha akaenda kivulini akanywa soda taratibu, akiiwazia siku ambayo zuzu yule angekuja kumpigia magoti.

Hakuja. Nyumba ikasimama, ikapakwa rangi, dada akahamia na wanawe watatu. Kisigino alipoalikwa alisifu madirisha. Maneno yalimfika kooni mara mbili, akayameza pamoja na chai.

Mvua kubwa zilipoanza, mto ukavimba na kona ile ikazama. Ufa ukapanda kutoka msingini hadi darini, mkono mzima unapita. Dada akapiga simu, Kisigino akaja mbio, uso umemchanua bila haya. Akashika kiuno, akautazama ufa kama bingwa anayetazama kombe lake.

"Si ndiyo haya? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Mimi siku ile ile nilichoma nondo, ikazama yote."

Akangoja asifiwe. Dada alikuwa akikunja shuka za watoto. Akaacha.

"Huyo mkuu alisema nini?"

"Alinidharau mbele ya watu, mdogo wangu."

"Nimekuuliza ulisema nini, kaka."

Kisigino akaugeukia ufa, akaanza kuukagua kwa kidole.

"Mume wangu ni mjinga," dada alisema. "Hilo nalijua tangu uchumba. Lakini yeye hakujua. Wewe ulijua, ukatuacha tulale humu miezi saba."

Akafunga shuka fungu moja kubwa ili azipeleke kwa jirani, walikopewa chumba. Kisigino akanyoosha mikono ampokee. Dada akamkwepa, akamwita mumewe, aliyekuwa nje akifungua vitanda, aje abebe.